Heko kwa Fundi wa Siti ya Kushuka

Machi 2022, Matej Mohorič wa Slovenia aliteremka kilima cha Poggio kwa baiskeli yenye siti ya kushuka, yaani inayoweza kushushwa mtu akiwa mwendoni, akashinda mbio za Milan–San Remo. Sifa alipewa yeye, na alistahili. Mimi nampongeza pia fundi aliyeifunga siti hiyo.

Ni kazi ya subira. Waya wa kuishusha hupita ndani ya fremu, macho hayafiki. Mkono mmoja unauvuta kule kwenye usukani, mwingine unasukuma paipu ya siti taratibu. Waya ukilegea, siti haishuki. Ukikazwa mno, haitulii juu. Basi fundi anazungusha kirekebishio kidogo tu, anabonyeza, anasikiliza. Tena bolti ya kubana paipu haitaki ubabe: ikizidi kukazwa, paipu inakwama. Mwenye mkono unaojua kiasi hicho, namvulia kofia.