Sifa kwa Anayekagua Draiva

Katika kazi ya kerneli ya Linux, aliyeandika draiva, yaani msimbo unaoendesha kifaa, hujulikana, na anayeitumia hunufaika hata bila kujua kuwa ipo. Kati yao yupo mtu wa tatu, aliyeisoma mstari kwa mstari kabla haijakubaliwa, akauliza, akairudisha, akaisoma tena. Malipo yake ni jina lake kuandikwa mara moja chini ya maelezo ya badiliko. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Nitamsifu kwa kipande kidogo cha kazi yake, maana ufundi huonekana vizuri zaidi kwenye kitu kidogo: msimbo unaotambua kama tundu la USB, kwa wakati huo, ni mwenyeji au ni mgeni.

USB ilipotolewa mwaka 1996 swali hilo halikuwepo. Kompyuta ilikuwa mwenyeji: ndiyo iliyotoa umeme wa volti 5, ndiyo iliyouliza, ndiyo iliyopanga nani aseme lini. Kipanya, kibodi na printa vilikuwa wageni, na mgeni hakusema neno mpaka aulizwe. Umbo la plagi lilitosha kulinda utaratibu: ile bapa iliingia kwenye kompyuta, ile ya mraba kwenye printa. Kisha vikaja vifaa vyenye nafasi mbili. Kamera ilitaka kupeleka picha kwenye kompyuta, na ilitaka pia kuzichapa moja kwa moja kwenye printa. Mwaka 2001 ikatoka nyongeza ya On-The-Go, yaani OTG, na plagi ndogo ikatumia pini ya tano iitwayo ID. Kifaa kikiona pini hiyo imeunganishwa na graundi, kinajua ni mwenyeji. Kikiona imeachwa wazi, kinajua ni mgeni. Ule waya mfupi wa OTG wa simu za micro-USB, unaouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue ili simu iweze kusoma flashi, siri yake ni hiyo tu: ndani ya plagi, ID imefungwa kwenye graundi.

Mwaka 2014 USB-C ikaondoa hata msaada wa umbo. Tundu lake lina pini 24, plagi huingia upande wowote ule, na kebo inaweza kuwa na plagi ileile kwenye ncha zote mbili. Utambuzi ukahamia kwenye pini mbili ziitwazo CC. Anayetoa umeme huweka rezista ya kuvuta juu; anayepokea huweka ya kuvuta chini, yenye kilo-omu 5.1. Tundu linaloweza yote mawili hubadilika-badilika, mara hivi mara vile, hadi likutane na mwenzake aliye kinyume chake. Kwa kuanzia, anayetoa umeme ndiye mwenyeji.

Jinsi jambo hili lilivyo rahisi kukosewa ilionekana Juni 2019, Raspberry Pi 4 ilipotoka. Pini mbili za CC zilikuwa zimeunganishwa kwenye rezista moja, badala ya kila pini kuwa na yake. Kwa kebo za kawaida bodi iliwaka bila shida. Kwa baadhi ya kebo zenye chipu ndani, chaja ilidhani imechomekewa adapta ya sauti, ikakataa kutoa umeme. Dawa ilikuwa kurekebisha bodi yenyewe katika toleo lililofuata. Kosa la namna hiyo likiwa kwenye msimbo, kulizuia kunahitaji mtu mmoja tu anayesoma kwa makini.

Kwenye kerneli, bodi zinazotambua nafasi kwa nyaya sahili zina draiva iitwayo usb-conn-gpio, iliyoingia mwaka 2019. Ni fupi, mistari mia chache, na moyo wake ni kanuni tatu. ID ikiwa chini, tundu ni mwenyeji. ID ikiwa juu na umeme unaingia kutoka nje, ni mgeni. ID ikiwa juu na umeme haupo, hakuna nafasi yoyote. Msomaji wa haraka ataona kanuni ziko sawa, atapitisha, ataendelea na mengine. Mkaguzi stadi ndipo kwanza anaanza kazi, kwa sababu anajua kwamba msimbo huandikwa kwa mistari, lakini draiva huishi ndani ya muda. Hitilafu zake hujificha kati ya mistari miwili ambayo yote ni sahihi. Fundi anayekalafati jahazi hapotezi muda kuuchunguza ubao mzima. Hupitisha kidole kwenye viungo, maana maji huingilia hapo.

Tazama mguso wenyewe. Chuma kikigusana na chuma hakitulii papo hapo: hugusa, huachia, hugusa tena, yote ndani ya milisekunde chache, na kila mguso hutuma ishara ya kukatiza kwa prosesa. Kwa hiyo draiva husubiri, tuseme milisekunde 20, ndipo isome pini. Mkaguzi anauliza: inasubiri wapi? Sehemu inayoipokea ishara moja kwa moja hairuhusiwi kulala, hivyo usomaji lazima upangwe ufanyike baadaye. Umepangwaje? Kerneli ina njia mbili ambazo kwa macho zinafanana. Ya kwanza, queue_delayed_work, ikikuta kazi imeshapangwa huiacha na saa yake ileile. Ya pili, mod_delayed_work, huisogeza saa mbele kila ishara mpya inapofika. Kwa njia ya kwanza, chuma kikidunda kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, draiva itasoma katikati ya mtikisiko, kisha ishara inayofuata itapanga usomaji mwingine na kusahihisha. Kwa njia ya pili itangoja utulivu, lakini tundu lililochakaa na lisilotulia linaweza kuiweka draiva ikingoja muda mrefu mno. Zote mbili zinaweza kufaa. Kinachotakiwa ni mwandishi ajue kwa nini amechagua hii akaacha ile, na mara nyingi hajajiuliza mpaka aulizwe.

Tazama pia kebo iliyochomekwa kabla kifaa hakijawashwa. Draiva huamshwa na badiliko la pini, na hapa hakuna badiliko litakalotokea: kebo ilishafika, imetulia, inangoja. Draiva isiyoisoma pini mara moja mwishoni mwa kuanza kwake itakaa kimya mpaka mtu achomoe kebo na kuichomeka tena. Hali ni hiyohiyo kifaa kinapoamka usingizini: kebo inaweza kuwa imebadilishwa kilipokuwa kimelala. Kosa hili halionekani kwenye mstari wowote, kwa kuwa ni mstari ambao haupo. Kuona kisichokuwepo ndicho kipaji adimu kuliko vyote katika ukaguzi.

Kisha kuna mfuatano wa umeme. Tundu likiacha kuwa mwenyeji, lizime volti 5 zake kwanza, ndipo libadilishe nafasi. Likiwa linaingia kwenye uenyeji, libadilishe nafasi kwanza, ndipo liwashe umeme. Ukigeuza mpangilio huo, kwa muda mfupi tundu linaweza kujiita mgeni huku likiendelea kusukuma umeme, na upande wa pili nao ukaanza kusukuma wake. Vyanzo viwili vikakutana kwenye waya mmoja. Mistari ni ileile, idadi ileile, maneno yaleyale. Mpangilio pekee ndio uliobadilika.

Lakini sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kuaga. Draiva inapoondolewa, huifuta ile kazi iliyopangwa, na kama inaendelea huingoja imalizike. Vizuri. Mkaguzi anauliza: na ishara ya kukatiza, inafungwa lini? Kerneli ina utaratibu wa devm, unaorudisha rasilimali wenyewe bila mwandishi kuhangaika, nao umeokoa watu na makosa mengi. Ila rasilimali hizo hurudishwa baada ya shughuli ya kuondoa draiva kukamilika. Kwa hiyo upo mwanya. Kazi imeshafutwa, ishara bado iko hai. Mtu akichomoa kebo sekunde hiyohiyo, kazi inapangwa upya, na itakapofika zamu yake kumbukumbu iliyokuwa ikiitumia imeshaachiwa. Mfumo mzima unaweza kuanguka. Majaribio ya maabara hayatagundua, maana nani atachomoa kebo katika mwanya huo? Anayegundua ni mtu aliyekaa kwenye kiti akasoma, akaizuia kebo hewani kwa mawazo yake, akaisogeza mstari baada ya mstari akiuliza: ikichomolewa hapa je? Na hapa?

Namna ya kuuliza nayo ni sehemu ya ufundi. Mkaguzi dhaifu huandika kwamba msimbo ni mbaya. Mkaguzi mwema huandika tukio: kebo ikichomolewa baada ya mstari huu na kabla ya ule, kazi hii inashika kumbukumbu ipi? Swali la namna hiyo halimvunjii mtu heshima, na haliwezi kujibiwa kwa kiburi. Hujibiwa kwa kuonyesha kwamba tukio haliwezekani, au kwa kurekebisha. Vyovyote itakavyokuwa, wote wawili wametoka na ujuzi zaidi, na atakayeusoma msimbo huo miaka kumi baadaye atakuta jibu limeandikwa.

Kanuni za kerneli zimempa mkaguzi kauli ya haki. Anayeweka jina lake anatamka kwamba amefanya uchunguzi wa kiufundi, kwamba hoja zake zimefika kwa mwandishi na yeye mkaguzi ameridhika na majibu, na kwamba kwa maoni yake badiliko linastahili kuingia. Hatoi dhamana kwamba litafanya kazi kila mahali. Naipenda kauli hiyo kwa ukweli wake: inadai bidii yote ya binadamu, na haidai ajifanye hakosei.

Na bidii hiyo ina watu wanaoitegemea. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka simu mpya zinazouzwa huko zenye kuchajiwa kwa waya ziwe na tundu la USB-C, na simu nyingi zinazouzwa kwetu zinafuata mkondo huohuo. Mwenye simu ana tundu moja la kuchajia, kuhamishia picha, kuchomekea flashi. Likikosea nafasi yake, anabaki na simu isiyopata chaji au isiyosoma flashi, na fundi wa mtaani atambadilishia tundu ambalo halikuwa na kosa.

Vijana wetu wanaojifunza programu huambiwa waandike, waandike, waandike. Nawaomba wasome pia. Msimbo wa kerneli uko wazi kwa kila mtu, wala hauhitaji kibali cha yeyote. Anza na usb-conn-gpio, kwa kuwa jioni moja inatosha kuimaliza. Isome mara ya kwanza kwa mistari, mara ya pili kwa muda. Ukifika mahali usipoelewa kitatokea nini kebo ikichomolewa, uliza. Wakaguzi wote walianzia kwenye swali kama hilo, na kerneli haijawahi kuwa na wakaguzi wa kutosha.