Steringi Akifa

Mtazamaji wa kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, ana sheria moja aliyoirithi kwa waliomtangulia kwenye benchi: steringi, shujaa wa picha, hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa korongoni, atafungwa kamba juu ya reli, lakini dakika za mwisho atainuka, atajifuta damu, na adui atajuta kuzaliwa. Kwa sababu hiyo picha za ngumi humpa mtafsiri kazi nyepesi. Ong-Bak ya Thailand, iliyotoka mwaka 2003 na kumpa jina Tony Jaa, haikuhitaji maneno mengi. Magoti na viwiko vilijieleza, na mtafsiri akiteleza hapa na pale hakuna aliyemdai. Picha ya mapenzi ambayo mwishowe mpenzi anakufa ni habari nyingine. Hapo ndipo ninapowapimia watafsiri wa filamu, na hapo ndipo fundi mmoja wa Mtwara mjini, ambaye kazi zake nimezifuatilia kwa muda mrefu, hunifanya nikae kimya na kumsikiliza kwa heshima.

Kazi yenyewe huonekana rahisi kwa asiyewahi kuijaribu. Mtu mmoja, maikrofoni moja, picha nzima. Anakuwa mwanamume na mwanamke, bibi na mtoto, polisi na mwizi; kisha anatoka mle ndani na kuwa msimulizi, anakueleza huyu anamdai nani na ile barua imetoka wapi; halafu anarudi ndani kabla midomo ya wahusika haijafunga. Kulia kwake kuna miksa. Kidole chake hakitoki kwenye kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya picha: akisema anaishusha, akinyamaza anaipandisha. Kuta za chumba amezibandika trei za mayai ili mwangwi usimharibie, na hurekodi usiku, bajaji zikishapungua na majogoo hayajaanza. Picha huitazama kwanza bila kusema neno. Mara ya pili huitazama akiwa ameshika kalamu. Anachoandika si tafsiri. Anaandika mahali ambapo watu watauliza swali.

Usimulizi huu una ukoo mrefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika. Zilizungushwa kwa lori, na maneno yake yakasemwa kwa Kiswahili na lugha nyingine. Picha za Kihindi zilipotamba baadaye, watazamaji walijisemea wenyewe. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, anaonyesha jinsi watu walivyoipenda Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na jinsi mazungumzo yalivyoendelea mitaani baada ya taa kuwashwa. Kisha Uganda ikaingiza mtu mwenye maikrofoni ndani ya ukumbi wa video, Dar es Salaam ikampata Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Matthias Krings wa Ujerumani aliandika makala kuhusu watafsiri wa Tanzania, na kwenye kichwa cha makala akaiita sanaa yao kuugeuza wali kuwa pilau. Sifa hiyo naikubali, ila si kwa kila mpishi. Wako wanaomwaga viungo mpaka wali wenyewe huuoni. Fundi wa Mtwara hutia kidogo, na hutia mapema.

Kutia mapema ndiko kunakohitaji maelezo, nami nitakueleza kwa filamu ya Titanic, maana niliitazama tafsiri yake Msimbati, pamoja na watu wanaoijua bahari kuliko mwongozaji yeyote. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukivuka mto uko Msumbiji. Watu wa pale hukulia majini. Sasa waonyeshe kijana mwenye afya, hana jeraha, amezungukwa na maji, ameshika ubao, halafu anakufa. Watakuuliza: amekufa kwa nini? Mbona hakuogelea? Bahari yao hata Julai humpokea mtu alfajiri akatoka mzima. Usiku ule wa Aprili 1912 Titanic ilipozama, maji ya Atlantiki ya Kaskazini yalikuwa yameshuka kama nyuzi mbili chini ya sifuri, na chumvi ndiyo iliyoyazuia kuganda. Mtafsiri asiyeliona tatizo hili ataligundua wakati Jack, kijana huyo, anatetemeka, ataanza kueleza habari za barafu na nyuzi joto huku Rose, mpenzi wake, analia, na kilio kitaharibika.

Fundi wetu aliliona saa nzima na zaidi kabla ya hapo. Kuna sehemu ya mwanzoni Rose amepanda ukingo wa meli akitaka kujirusha, na Jack, ambaye hata hawajajuana, anamsemesha kuhusu baridi ya maji ili amcheleweshe. Katika picha, sehemu ile huweza kupita kama porojo za kijana anayebembeleza. Yeye aliisimamisha. Alishusha sauti ya picha karibu yote, akapunguza mwendo wa maneno, akamwekea Jack kinywani: “Dada, bahari hii siyo ya kwetu. Hii haikuzamishi. Hii inakugandisha ukiwa unaelea.” Kisha akapandisha sauti ya mawimbi akayaacha yapige. Nilimwona mzee mmoja pembeni yangu akitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa taarifa ya hali ya hewa na kuihifadhi.

Ilipofika saa ya msiba hakuwa na deni la maelezo. Alisema maneno mawili tu, “Bahari ile,” kwa sauti ya msimulizi, si ya Jack wala ya Rose. Kibanda kizima kilielewa.

Jambo jingine alilolitia mapema ni dogo, na wasio wa Kusini huenda lisingewagusa. Mama yake Rose anamsukuma binti aolewe na tajiri kwa sababu marehemu mume ameacha madeni. Kwa Wamakonde ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito katika ndoa ya mpwa wake. Binti anapolazimishwa kiasi kile, mtu wa Mtwara lazima ajiulize mjomba yuko wapi. Fundi alimpa yule mama kipande cha sentensi wakati anamfunga binti yake kamba za kibwebwe cha ndani ya gauni: baba yako ametuachia madeni, na mjomba wa kutusemea hatuna. Basi. Kuanzia hapo mama hakuwa tena mwanamke mwenye roho mbaya tu. Alikuwa mwanamke asiye na kaka. Nimesikia watafsiri watano wakubwa wakimtukana mama yule picha nzima. Huyu alimwelewesha kwa pumzi moja, na wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kubishana kama anastahili kuonewa huruma au la.

Mabishano yale ni sehemu ya kazi yake, naye huyahesabu hivyo. Baada ya Jack kuzama, sheria ya steringi ilidai maelezo yake. Kijana mmoja alisema kwa hasira ubao ule ungewatosha wote wawili. “Mjomba,” akajibiwa na mvuvi mtu mzima, “kukaa wanatosha. Kuelea je?” Akaonyesha kwa viganja jinsi ubao unavyolala upande mmoja ukipandwa, na maji yanavyoingia juu. Mwingine akasema wangepokezana. Mwanamke mmoja akawaambia waache hesabu, kijana alikwisha amua zamani, tangu alipoiona ile mashua ya kuokolea imejaa. Ubishi huohuo umeizunguka dunia tangu picha itoke mwaka 1997, mpaka James Cameron mwenyewe mwaka 2023 akaonyesha majaribio aliyoyafanya kwa waigizaji wa hatari ndani ya maji baridi, na ikaonekana kuwa katika mpangilio fulani huenda Jack angepona. Kwangu hoja ya mvuvi wa Msimbati bado ndiyo iliyokaa sawa, maana picha yenyewe inaonyesha wakijaribu na ubao ukipinduka.

Katika ubishi wote ule, hakuna aliyemtaja mtafsiri. Ndiyo sifa kubwa ninayoweza kumpa. Mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huvaa kichwa cha mti mwepesi, akatazama kupitia mdomo wa kinyago, na hata kama mwendo wake unafahamika kijijini, hakuna anayemwita jina lake ngoma ikiwa inalia. Fundi huyu hupata adabu hiyohiyo akiwa mbali na kibanda, kwa sauti tu. Watu waligombana na Jack, na Rose, na mama, na bahari.

Nilimwuliza kuhusu ule ukimya baada ya Rose kuuachia mkono wa Jack. Watafsiri wengi hujaza hapo: methali, wosia, hata salamu kwa washikaji wa mtaani. Yeye aliacha filimbi ya Rose isikike yenyewe, hafifu, na sauti ya picha ameipandisha mpaka mwisho. “Kaka, pale nikisema nawaibia,” alinijibu. “Wamelipa kiingilio waje walie. Waachie.”

Kwa sababu ya jibu hilo nilitaka nijue angefanyaje na picha ya Thailand ninayoipenda, Malila, ya Anucha Boonyawatana, iliyotoka mwaka 2017. Ni mapenzi ya wanaume wawili, Shane na Pich, waliowahi kupendana wakaachana. Shane ana shamba la asmini. Binti yake aliuawa na chatu, mkewe akaondoka. Pich anaumwa saratani ya mapafu, amekataa kuendelea na matibabu, na siku zake anazimalizia kwa kutengeneza bai sri, pambo la ibada la majani ya mgomba yaliyokunjwa na kupangwa ngazi kwa ngazi, likavishwa maua, nalo hunyauka upesi. Pich anakufa. Shane anakuwa mtawa wa Kibuddha na kuingia msituni.

Picha ya namna hiyo haina njia ya kufika kibandani Tanzania, na hilo sisi wawili tulilijua tangu mwanzo. Tuliitazama nyumbani kwake, kwa kompyuta yangu, yeye na mkewe na mimi. Kenya walikwishaonyesha ugumu wa picha kama hizi. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, huku nyumbani imepigwa marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ya Kenya ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Mwezi Septemba mahakama iliiruhusu kwa siku saba, na watu wakajaa sinema ya Prestige. Nalikumbuka jambo la mwisho wa Rafiki kila ninapofikiri juu ya sheria ya steringi: kumbe wako wapenzi ambao wakubwa huona wasipolia mwishoni, picha haijakamilika. Hilo linaniuma.

Fundi aliitazama Malila kama anavyozitazama zote, bila neno. Kisha akaanza kuijadili kwa vipimo vyake. La kwanza lilikuwa sauti. Wako watafsiri ambao wahusika kama hawa huwapa sauti nyembamba ya kuchekesha, kibanda kikaanguka kwa vicheko, na kazi ikaishia hapo. Yeye alisema angempa Pich ileile aliyompa Jack. Hakuongeza sababu, akaendelea na la pili: asingemtia huzuni mapema. Mgonjwa akiwa kazini hajisikitikii, alisema, mwangalie mikono. Akarudisha picha hadi pale vidole vinapokunja jani la mgomba, vinalilaza juu ya lenzake, vinabana, vinachukua jingine, wala hakuna anayeongea. Hapo asingesema kitu hata kama watazamaji wangepiga kelele kwamba spika imeharibika.

Sehemu ya msituni hakuipenda. Aliiona ndefu, na akasema mtazamaji aliyekwisha fiwa hapelekwi matembezini. Nilimpinga kwa nguvu zote. Naamini ule mwendo wa taratibu ndiyo matanga yenyewe, na Shane asingefika kwa njia fupi. Hakukubali.

Mkewe ndiye aliyetunyamazisha sote. “Shemeji,” aliniambia, “yule mke aliyeondoka naye amefiwa na mtoto. Mbona ninyi hamumlilii?”

Mumewe akaivuta kalamu. Hii ndiyo aina ya swali analoliwinda kila usiku, na lilikuwa limempita. Akaanza kutafuta mahali pa kumsemea yule mwanamke bila kumzibia Pich, akajaribu sentensi ya msimulizi karibu na habari ya chatu, akaiona nzito, akaihamishia mbele kidogo ambapo Shane anatembea peke yake kati ya mistari ya asmini. Mkewe akasema ni bora, lakini neno “alimwacha” linamhukumu. Akalifuta. Akaandika kwamba kila mmoja aliondoka na kaburi lake. Mkewe akasema hiyo ipite, na kwamba aiseme haraka, asiiimbe.