Sideways: Mapenzi Yaliyosemwa kwa Zabibu

Filamu ya mapenzi ina tatizo moja la kiufundi: mtazamaji hajamaliza hata bisi zake na tayari anajua nani atampata nani. Mwandishi hana budi kuwachelewesha wapenzi, na kuchelewesha kukizidi kunachosha. Sideways, filamu ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Alexander Payne, ilipata njia yake: iliwapa wahusika kitu kingine cha kuzungumzia.

Kisa chenyewe ni chepesi. Miles (Paul Giamatti) ni mwalimu aliyeachana na mkewe, na riwaya yake haijapata mchapishaji. Anamchukua Jack (Thomas Haden Church), rafiki yake wa tangu chuoni, wakale raha wiki nzima katika mashamba ya mizabibu ya bonde la Santa Ynez, California. Jack anafunga ndoa wiki hiyo ikiisha, lakini huko ugenini anajifanya kapera. Wanakutana na Maya (Virginia Madsen), mhudumu wa mgahawa, na Stephanie (Sandra Oh), anayewamiminia wageni mvinyo wa kuonja. Payne na Jim Taylor waliichota hadithi hiyo kwenye riwaya ya Rex Pickett, na mswada wao ukapata tuzo ya Oscar.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuufunga muda. Kila siku inapoanza, jina lake linaandikwa kwenye skrini. Mtazamaji anajua harusi ni Jumamosi, kwa hiyo hata matukio ya kunywa na kucheka yana saa inayohesabu chini yake. Hakuna haja ya adui wala ajali ya kusukuma hadithi, kalenda inatosha.

La pili ni kuzipa jozi mbili mwendo tofauti. Jack na Stephanie wanaanguka mapenzini papo kwa papo, kwa kelele na vicheko. Miles na Maya wanajivuta. Kama wangekuwa peke yao, kusitasita kwao kungechosha, lakini tukiwaona wenzao wanavyokimbia, tunaanza kuuthamini ule utaratibu wao. Wakati huohuo uongo wa Jack unaning'inia juu ya wote wanne, na Miles, aliye mkweli zaidi kwa tabia, ndiye aliyebebeshwa siri. Mwishowe ni ulimi wake unaoteleza mbele ya Maya. Pigo linatoka ndani ya kikundi chenyewe, ndiyo maana linauma na hapohapo linachekesha.

Lakini ufundi mkubwa uko barazani kwa Stephanie, usiku. Wenzao wameingia ndani. Maya anamuuliza Miles kwa nini anapenda sana Pinot Noir. Miles anajibu kitaalamu: ni zabibu ngumu kulima, ganda lake jembamba, haivumilii shida, inataka mahali maalumu na mkulima mwenye subira ya kuielewa. Kila neno ni la kweli kuhusu zabibu, na kila neno linamhusu yeye mwenyewe. Sisi tunajua, Maya anajua, na huenda msemaji peke yake ndiye hajui. Huko ndiko kupiga fumbo bila kukusudia.

Kisha inafika zamu ya Maya. Hajibu kwa sifa wala kwa pole. Anaeleza kwamba mvinyo kwake ni kitu hai: anawaza mwaka zabibu zilipokua, jua na mvua za msimu ule, watu waliozichuma, na jinsi chupa ileile ingekuwa na ladha nyingine ikifunguliwa siku nyingine. Kamera inatulia usoni mwake na kumwachia nafasi ya kumaliza wazo. Miles amejieleza kuwa mtu anayehitaji kutunzwa. Maya amejieleza kuwa mtu anayejua kutunza na anayejua pia kwamba wakati hausubiri. Tayari wameshatongozana, na neno mapenzi halijatajwa.

Tazama kinachofuata. Maya anaweka mkono wake juu ya mkono wa Miles. Filamu ya kawaida ingewapa busu. Hapa Miles anaanza kubabaika kuhusu aina nyingine za mvinyo, kisha anauliza choo kiko wapi. Mzaha huo umewekwa sekunde chache tu baada ya maneno mazito, na unafanya kazi mbili: unaliokoa tukio lisiwe tamu kupita kiasi, na unatuonyesha kwamba kikwazo cha Miles hakitoki kwa mwanamke wala kwa hali, kinatoka kwake.

Usiku huohuo imepandwa mbegu nyingine. Miles ana chupa ya Cheval Blanc ya mwaka 1961 anayoiwekea siku maalumu, na Maya anamwambia kwamba siku atakayoifungua ndiyo itakayokuwa maalumu. Baada ya harusi, akiwa amepata habari kwamba aliyekuwa mkewe ni mjamzito, Miles anaifungua peke yake na kuinywa kwa siri kwenye mgahawa wa chakula cha haraka, katika kikombe cha kutupwa. Wajuzi wa mvinyo wanacheka zaidi: Cheval Blanc hutengenezwa hasa kwa Cabernet Franc na Merlot, na Merlot ndiyo zabibu ambayo Miles aliapa hainywi.

Kumfuata Miles kwa karibu hivi kuna gharama yake. Payne anamweka Miles karibu katika kila tukio, nasi tunaona anachokiona yeye tu. Kwa Maya, jambo hilo linasaidia: anabaki mtu wa kugunduliwa polepole. Kwa Stephanie linadhulumu. Ndiye aliyedanganywa kuliko wote, ana mtoto nyumbani, na filamu inampa hasira tu, anapomtwanga Jack kwa helmeti ya pikipiki mpaka pua inavunjika. Tunacheka, kisha gari linaondoka naye anaachwa nyuma. Mswada uliopata subira ya kutosha kueleza tabia ya zabibu moja ungeweza kumpa na yeye dakika mbili barazani kwake mwenyewe.