Tulivyomsikia Bi Kidude Ngomeni

Tangu Bi Kidude alipofariki, tarehe 17 Aprili mwaka 2013, yamesemwa maneno mengi juu ya umri wake na machache juu ya uimbaji wake. Wengine wasema alitimiza miaka mia, wengine wazidisha. Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani kwa hakika. Sisi tulikuwa miongoni mwa watu waliomsikia akiimba Unguja katika miaka yake ya mwisho, na nia yetu leo ni kueleza jinsi alivyoimba. Maana umri si ufundi. Mtu aweza kuwa mzee sana asijue kuimba. Naye ajuaye kuimba haifai asifiwe kwa uzee tu.

Mahali penyewe ni Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe, mkabala wa Forodhani. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, pale palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ndani ya kuta zake hufanywa tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Hapana dari juu; ni mbingu tupu, na upepo wa bahari wapita juu ya kuta. Tulikuwa walimu watatu, tukaketi chini kati ya wenyeji na wageni wa Ulaya, tukangoja hata saa nne ya usiku.

Jina lake hasa lilikuwa Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, kisiwani Unguja, na baba yake alikuwa mwuza nazi. Tangu ujana alivutwa na nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, watu wakapata taarabu kwa Kiswahili chao wenyewe. Bi Kidude alijifunza kwake kwa kumsikiliza. Tena alikuwa mwalimu wa unyago, akiwafunza wasichana kwa ngoma na nyimbo. Basi alikuwa na elimu mbili, na usiku ule alizileta zote mbili. Sifa zake zilivuka bahari: mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza.

Jina lake lilipotajwa, watu wote walisimama, wakapiga makofi na vigelegele kabla hajafungua kinywa. Alikuja mwembamba, akishikwa mkono na kijana, akipanda ngazi moja moja. Hapo moyo wetu ulifadhaika. Tuliulizana kwa sauti ndogo, Je, ni haki kumpandisha jukwaani bibi kizee wa umri huu, ili watu wapate kumwona? Twakiri ya kuwa tuliogopa kushuhudia aibu yake.

Akaanza kwa “Muhogo wa Jang'ombe,” wimbo uliojulikana na wote. Twaanza na kasoro, maana asiyetaja kasoro sifa zake hazina uzito. Pumzi yake ilikuwa fupi. Penye mshororo mrefu hakufika mwisho. Aliliacha neno la mwisho, na waitikiaji wakalipokea. Mara mbili fidla zilitangulia, naye akabaki nyuma. Sauti za juu, ambazo twazisikia katika nyimbo zake zilizohifadhiwa zamani, hazikuwapo tena.

Lakini tulipoendelea kusikiliza tuliona jambo jingine. Hakujaribu kuwadanganya watu. Mwimbaji aliyechoka mara nyingi hupiga kelele ili kuficha udhaifu wake; yeye hakupiga kelele. Pale asipoweza kuimba alinena, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mtu atoaye habari barazani, na neno likatoka wazi hata likasikika kwetu tuliokaa mbali. Alijua neno lipi ndilo mzigo wa ubeti, akaiweka akiba pumzi yake kwa ajili ya neno hilo. Vijana waliomtangulia jukwaani walikuwa na sauti tele, wakazimwaga zote katika ubeti wa kwanza.

Kisha wapiga fidla na kanuni wakanyamaza, ikaletwa ngoma ya msondo. Akajifunga kanga kiunoni, ngoma ikawekwa katikati ya miguu yake, akaanza kupiga. Hapo hatukuona kasoro. Mkono mmoja ulishika mwendo bila kubadilika, wa pili ukauliza na kujibu, na wapigaji waliomzunguka, walio wajukuu kwa umri, walimtazama yeye ili wajue waende wapi. Kule nyuma yeye aliifuata fidla. Huku wote walimfuata yeye.

Labda msomaji mmoja atauliza, Tuna haja gani na ngoma ya unyago? Hatukukusudia hapa kuihukumu mila hiyo. Twanena juu ya ufundi wa mikono. Hata hivyo twapaswa kusema ya kwamba hatukuufahamu wote. Wanawake wa Unguja waliokaa karibu nasi walicheka na kuitikia mahali ambapo sisi hatukuona neno la kuchekesha. Ngoma ile ina mafundisho ya ndani, na ikitolewa uwanjani nusu ya maana yake hubaki nyumbani. Mgeni husikia pigo. Mwanafunzi wake husikia somo.

Basi swali letu lilijibiwa. Haikuwa aibu kumpandisha jukwaani. Aibu ilikuwa yetu sisi tulioketi chini, maana watu walishangilia sawasawa pale alipokosa na pale alipopatia. Wahenga husema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu hakulitia maji, lakini wanywaji hawakujali walipewa nini. Kumsifu mzee kwa kila afanyalo si heshima. Ni kumfanya kama mtoto mchanga, ambaye kila hatua yake hupigiwa makofi.

Twaandika haya kwa sababu hata vijijini mwetu wako wazee wenye elimu ya namna hii: ajuaye nyimbo za kutwanga, ajuaye nyimbo za makasia, ajuaye ngano zenye viitikio vyake. Siku ya sherehe twawapa kiti cha mbele na soda, twawaita hazina, kisha twaendelea na mambo yetu. Ni nani aliyeketi nao jioni akasema, Babu, rudia tena, sijashika?

Usiku ule tuliporudi tulipolala, mmoja wetu alijaribu kulipiga juu ya meza lile pigo la mkono wa pili. Akashindwa. Tukajaribu sote watatu, tukashindwa. Aliyeweza kutuonyesha alikuwa hatua chache mbele yetu muda wa saa nzima, na sisi tulio walimu kwa kazi hatukumtazama mikono mpaka alipokaribia kumaliza. Ewe msomaji, mzee wako yu hai. Usichelewe kama sisi.