Chuma Kisicho na Kwao

Fundi mzuri wa kuchomelea hujulikana pale anapomaliza, si pale anapoanza. Kuwasha rodi na kuvuta mshono ni jambo ambalo kijana aliyekaa kibandani miezi michache hulimudu. Lakini mtazame fundi aliyekomaa anapofika ukingoni. Rodi haiinui ghafla. Huirudisha nyuma kidogo, hutulia mpaka kishimo cha mwisho kijae, ndipo anapoitoa. Asipofanya hivyo, kishimo hupoa kikiwa na ufa wa umbo la nyota, mdogo kiasi cha kufichwa na mkono mmoja wa rangi.

Katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, kazi hii hufanywa kando ya njia, watu wakipita. Hapo hutoka milango, madirisha, mageti, ngazi za magorofa ya kupangisha kule mtaa wa Pipeline, na mikokoteni iliyotiwa ekseli za magari yaliyokufa. Mpita njia huona mwanga, hugeuza uso, huenda zake. Ninachotaka kukisifu hakionekani hata kwa aliyevaa miwani myeusi, kwa kuwa kinahusu yaliyomo ndani ya chuma.

Chuma kilichoganda ni chembe nyingi zilizobanana. Mwanasayansi Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, alizitazama kwa hadubini miaka ya 1860. Ndani ya kila chembe mna mpangilio. Mipakani mpangilio huvurugika, na huko ndiko hukimbilia kila kisichopata nafasi ndani. Salfa na fosforasi ndizo sugu. Kwa kawaida kila moja haizidi sehemu 5 katika 10,000 za chuma, na lau zingetawanyika sawasawa zisingemsumbua mtu. Hazitawanyiki. Mshono unapopoa, chembe huota kutoka kando zote mbili zikielekea katikati, zikiusukuma uchafu mbele yake, kama watu wawili wanaofagia chumba kimoja wakianzia kuta zinazotazamana. Chuma huganda karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi. Mchanganyiko wa chuma na salfa waweza kubaki majimaji hadi nyuzi 988. Basi kuna kitambo ambapo mshono unaonekana mgumu, tena umeanza kunywea na kuvutana na vyuma vilivyoushika, ilhali kati ya chembe na chembe umetanda utando wa majimaji. Majimaji hayastahimili kuvutwa. Chembe huachana, na ufa hupita mle mle katikati, kabla hata fundi hajagonga mavi ya chuma kuona kazi yake.

Dawa ilipatikana zamani. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kutengeneza chuma kwa kupuliza hewa, na walioinunua wakalia kwamba chuma chenyewe kinabomoka kikipigwa nyundo cha moto. Mtaalamu wa vyuma Robert Mushet akatia manganizi. Manganizi huikamata salfa na kufanya nayo vitone vinavyoganda mapema, vikabaki vimetapakaa badala ya kutanda mipakani. Manganizi hiyo hiyo imo ndani ya rodi zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi mtaani. Fundi humwaga dawa ya Mushet siku nzima bila kumjua Mushet, na dawa hufanya kazi vilevile.

Wenye maabara nao hawakusalimika. Mwaka 1969, katika kituo cha nyuklia cha Hinkley Point, Uingereza, diski ya tabaini ilipasuka ikiwa katika mzunguko; fosforasi iliyojikusanya mipakani ilikuwa imekipokonya chuma ustahimilivu wake. Na kile kilikuwa chuma chenye hati, kinachojulikana kilikotoka.

Cha Mukuru hakina kwao. Mnamo Januari 2022 minara ya laini ya umeme ya Kiambere–Embakasi ilianguka Imara Daima, jirani kabisa na mtaa huu. Nchi ikaingia gizani, ikasemwa vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa, na serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Mengi yaliandikwa kuhusu wezi, machache kuhusu chuma. Chakavu huingia tanurini pamoja: mlango, ekseli, mota ambayo waya wake haukutolewa wote. Shaba ya waya huo ikishaingia haitoki tena. Chuma hicho kinapopashwa moto ili kivingirishwe kuwa nondo, uso wake hugeuka magamba, shaba hubaki nyuma, huyeyuka kwa nyuzi 1,085 na kupenya mipakani. Chuma hutoka na vinyufa kilivyozaliwa navyo, halafu lawama huenda kwa aliyekichomelea.

Ndiyo maana naona ustadi mkubwa wa kibandani si kuunganisha bali kusoma. Fundi hugusisha chuma kwenye grinda na kutazama cheche: zikichanua matawi mengi, kaboni ni nyingi, akipashe moto kwanza na kukiacha kipoe polepole. Mshono huuweka mpana na wenye mgongo kidogo, kwa sababu mwembamba uliozama hupasuka katikati. Hakibani chuma ncha zote mbili ilhali anajua kitanywea; hukiacha kipumue, akichoma huku kidogo na kule kidogo.

Halafu kuna vyuma anavyovikataa. Mteja huleta ekseli ndogo na nati ya mashine, anataka vishikane leo leo. “Hiyo nati, mama, haitashika. Itapasuka tu,” fundi husema, na yuko sahihi. Baadhi ya nati hufanywa kwa chuma kilichotiwa salfa makusudi, hata sehemu 3 katika 1,000, ili kikatike kwa urahisi kwenye mashine ya kukereza. Kilichomsaidia mkerezaji ndicho kinachomponza mchomeleaji. Fundi hupendekeza nati nyingine, ya bei ya juu kidogo. Mteja hubishana, hukusanya vyuma vyake, huvuka njia hadi kibanda cha pili, na huko huchomelewa bila swali lolote.