Keki ya Harusi na Ujira wa Fundi

Mwalimu wa fasihi humfundisha mwanafunzi kuipima kazi ya sanaa kwa fani na maudhui yake. Sioni sababu ya kipimo hicho kuishia kwenye riwaya na mashairi. Katika kumbi zetu za harusi imo kazi moja ya sanaa ambayo hutazamwa na mamia ya watu, hupigwa picha, hukatwa kwa kisu kilichofungwa utepe, na kisha haihakikiwi na mtu yeyote. Kazi hiyo ni keki. Linalosemwa juu yake ni moja tu, kwamba ni ghali. Nadhani lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake.

Wako wanaoiita keki kasumba ya kikoloni. Kwamba sura yake imetoka Uingereza, hilo halina ubishi. Keki ya harusi ya Malkia Victoria, mwaka 1840, ilikuwa na uzito wa ratili zipatazo 300. Na ule weupe wa sukari haukuwa ishara ya usafi peke yake: sukari nyeupe ilikuwa ghali, hata kuitandaza juu ya chakula kulikuwa ni kutandaza mali mbele za watu. Lakini asili ya kitu si hukumu yake. Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alitaka tufufue yaliyo yetu. Hakutuagiza tukatae kila kilichotoka ng'ambo. Yatupasa tuulize tumekifanya nini kilipotufikia.

Tumekifanya mengi. Bibi harusi wetu hupiga magoti mbele ya wazazi wake na wa mumewe, akawalisha kipande kimoja kimoja kwa mkono wake, na ukumbi mzima hunyamaza kidogo kabla ya vigelegele. Hapo keki imebeba shukrani na kuagana, mambo ambayo kabla yake yalibebwa na vyakula vingine. Kilimanjaro wamekwenda mbali zaidi: ndafu, yaani mbuzi aliyebanikwa mzima na kupambwa, huingizwa kwa ngoma na kukatwa mithili ya keki. Maudhui, basi, ni yetu na ni mazito.

Kasoro iko kwenye fani. Siku hizi ghorofa tano husimama mezani, na huenda tatu kati yake zikawa povu gumu lililopakwa sukari. Waingereza nao walipata kufanya hivyo, ila kwa sababu nyingine. Sukari ilianza kugawiwa kwa kadi Januari 1940, na mwaka huohuo kupamba keki kwa sukari kukapigwa marufuku. Maharusi wakawa wanakodi kifuniko cha karatasi ngumu, kikafunika keki ndogo iliyopatikana. Karatasi yao ilisitiri dhiki ya vita. Povu letu linasitiri nini? Kipande cha kumlisha mama hakihitaji ghorofa tano. Sisemi hivi kwa ubahili. Nimekaa katika kamati za harusi kiasi cha kujua kwamba urefu wa keki huamuliwa na picha ya harusi ya jirani.

Kutokana na hayo, anayeumia ni fundi. Mara nyingi ni mama au binti anayeoka nyumbani kwa jiko la gesi, na keki yake huuzwa kwa kilo, mtindo ulioenea mijini, Dar es Salaam hata Nairobi. Tuutazame mzani huo. Kanuni ya kale ya keki ya siagi ni vitu vinne kwa uzito sawa: unga nusu kilo, sukari nusu kilo, siagi nusu kilo, na mayai kama kumi. Kinyunga hicho ni kilo mbili hivi, na kikiokwa hupungua kwa maji yanayopotea. Mzani umepima vitu vya dukani. Haukupima gesi, wala usiku wa kazi, kwa maana siagi ya mapambo haivumilii joto la mchana wa pwani. Haukupima safari ya bajaji katika barabara ya mashimo, ghorofa zikiwa zimepakatwa mbalimbali ili ziunganishwe ukumbini. Ua la waridi la sukari lina uzito wa gramu chache tu, nalo hujengwa jani baada ya jani. Utenzi haununuliwi kwa ratili, na anayenunua ua hilo kwa kilo amelipata bure.

Kisha lipo jambo la arubuni. Fundi hupatana bei miezi miwili au mitatu kabla ya harusi. Mapema mwaka 2024 sukari iliadimika Tanzania, bei ikapaa hata serikali ikatangaza bei elekezi. Aliyekuwa amepokea arubuni ndogo na kufunga bei alilazimika ama kuoka kwa hasara ama kuvunja ahadi. Kamati hulipa ukumbi na vinywaji mapema, kwa sababu bila fedha mlango haufunguliwi. Fundi wa keki huambiwa asubiri, na harusi ikiisha kamati nayo imekwisha, atamdai nani?

Mafundi nao wana lao. Wengi hawaandiki hesabu. Mayai yaliyovunjika na keki iliyodidimia havionekani katika bei, na ujira wao wenyewe huwa ni kile kilichobaki, hata kama hakikubaki kitu. Tena huiga picha za simu mpaka keki ya Tanga ikashindwa kutambulikana na ya kwingine kokote, ilhali pwani hiyo hiyo ina mkate wa kumimina, wa mchele, tui na iliki, unaookwa kwa makaa chini na juu. Ningependa kuona fundi akiitia ladha hiyo ndani ya keki ya harusi.

Mwalimu anayetaka zoezi la uhakiki awatume wanafunzi kwa fundi wa mtaani mwao. Wamwombe awaonyeshe ua moja la sukari, walipime, kisha wamuulize limemchukua muda gani na alilipwa kiasi gani kwa hilo ua.