Fundi wa Dirisha na Njia ya Maji

Alama inayobaki kwenye kioo kilichokwisha kufutwa ni kazi ya maji. Kila tone linalogusa dirisha hubeba kitu: chumvi, chokaa, vumbi, sabuni, mafuta ya vidole. Tone likikauka, maji hupaa hewani lakini mzigo wake haupai. Hubaki pale pale, na jua likipenya kwa mshazari unauona wote: michirizi, madoa ya duara, utando mweupe uliotanda kutoka kona hadi kona.

Ukilishika jambo hili moja, umeushika ufundi wote wa kusafisha dirisha. Fundi wa kazi hii ni mtu anayejua kuyaongoza maji. Anajua yataanzia wapi, yatapitia wapi na atayaokota wapi, na huyaondoa yangali maji. Ndiyo maana haanzi na kioo. Huanza na miimo, vizingiti na reli, kwa sababu huko ndiko uchafu unakojificha, na maji ya huko yasipotangulia kutoka yatamalizia safari yake juu ya kioo. Nataka kuusifu ufundi huu, na hasa upande wake wa pembeni ambao watu wengi hupita bila kuutazama.

Pwani yetu ni mahali pagumu kwa dirisha. Majira ya kaskazi, upepo hutoka baharini ukiwa na chembe za maji ya chumvi, nao huzipaka nyumba za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Chumvi hii ina tabia yake. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi huanza kunywa maji ya hewani hadi ikayeyuka yenyewe, na usiku wa pwani hupita kiwango hicho mara kwa mara. Basi chumvi iliyosahauliwa kwenye kona ya fremu huyeyuka watu wakiwa wamelala, ikateremka taratibu juu ya kioo, na mchana ikakauka. Mwenye nyumba hulaumu kitambaa au sabuni, kumbe chanzo kilikuwa pembeni. Dodoma mambo ni mengine. Kule adui ni vumbi kavu, na maji yakiwahi kuligusa huligeuza tope. Kwa hiyo Dodoma kazi kubwa hufanywa na brashi, na pwani hufanywa na maji. Fundi huisoma hewa ya mahali kabla ya kujaza ndoo.

Popote alipo, hata hivyo, hatua ya kwanza ni kavu. Nyumba nyingi mpya za mijini zina madirisha ya aluminiamu yanayosukumwa kando, na sehemu yake chafu kuliko zote ni reli ya chini. Humo hujikusanya mchanga, mabawa ya kumbikumbi, nywele na majani makavu. Brashi ya rangi iliyochakaa huzoa sehemu kubwa. Mswaki wa zamani huingia kwenye pembe, na kijiti kilichoviringishiwa kitambaa hufika pale ambapo mswaki haufiki. Ukiitazama reli hiyo kwa nje utaona vitundu vyembamba. Viliwekwa kwa makusudi ili mvua inayoingia kwenye reli ipate pa kutokea. Masika ikianza na vitundu vimezibwa na tope, reli hujaa, maji hufurika ndani, kizingiti huloa, na rangi ya ukuta hutoka malengelenge. Wahenga walituusia kuziba ufa tusije tukajenga ukuta. Kwenye reli ya dirisha wosia hugeuka: usipozibua kitundu utapaka ukuta upya.

Wavu wa mbu nao hutolewa na kuoshwa pembeni. Ukiachwa mahali pake, tone la kwanza litasukuma vumbi la miezi mingi kutoka kwenye nyuzi zake hadi kwenye kioo. Nondo za dirisha, ambazo katika nyumba zetu hukaa karibu sana na kioo, hupanguswa moja baada ya nyingine. Kwenye madirisha ya luva, fundi hukumbuka vishikizo vya chuma vilivyo ncha mbili za kila kioo, kwani hapo maji hujificha na kuchuruzika mtu akishaondoka.

Baada ya ukavu huja unyevu, na neno ni unyevu, si mafuriko. Kitambaa cha fremu hukamuliwa hadi kisidondoshe hata tone. Kikikunjwa mara mbili hutoa nyuso nane, na fundi huzitumia zote kabla ya kukirudisha ndooni, ili uchafu wa mwimo mmoja usihamie kwenye mwimo wa pili. Huanza kizingiti cha juu, akashuka mwimo wa kushoto na wa kulia, na kizingiti cha chini hukipitia tu, kwa sababu atakirudia mwisho. Kwenye ule mpira mwembamba unaokutanisha fremu na kioo, hufunika ncha ya kidole kwa kitambaa na kuupitia mara moja, kwa mkono mmoja usiokatika. Ni kitendo cha sekunde chache, nacho ndicho kinachoamua kama kesho kutakuwa na mchirizi.

Hapa fundi huonyesha kuwa anavijua vitu alivyovishika. Aluminiamu hulindwa na utando mwembamba wa oksidi. Tindikali kali na magadi makali huula utando huo, na chuma cha kusugulia sufuria huukwaruza. Mninga, mvule na mkongo havipendi maji yaliyotuama, kwa hiyo hufutwa kufuata mkondo wa nyuzi za mti na kukaushwa papo hapo. Siki huyeyusha doa la chokaa kwenye kioo, lakini haifai kumwagwa kwenye kizingiti cha terazo au marumaru, kwa kuwa jiwe hilo lina chokaa ndani yake, nayo siki haibagui doa na jiwe. Vivyo hivyo kwenye kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilizopigwa lipu ya chokaa. Saruji mbichi nayo ina makali yake: mvua ikipita juu ya zege jipya na kuteremkia kioo, huacha michirizi myeupe inayouma uso wa kioo chenyewe. Baada ya muda hilo si doa tena, ni kovu, na hakuna kitambaa kitakachoondoa kovu. Anayejenga amwombe fundi apite mapema, saruji ikiwa bado haijashika.

Maji yenyewe yanahitaji kuchaguliwa. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvichumvi, na ukiyatumia bila kuyaondoa yote unakuwa umepaka chumvi mpya mahali pa ile ya zamani. Maji ya mvua ni bora. Mvua ya kwanza ikishaosha vumbi la bati, ile inayofuata haina karibu mzigo wowote. Mjini kuna chanzo kingine ambacho watu hukiacha kidondokee barabarani: maji ya kiyoyozi. Hayo ni unyevu wa hewa uliopoa kwenye mabomba baridi na kuwa matone. Chumvi na chokaa havikupanda nayo, na yakikingwa kwenye ndoo safi yanaosha vioo vizuri sana. Kwenye majengo makubwa ya nchi nyingi, wasafishaji hutumia maji yaliyochujwa hadi madini yote yakatoka. Huyapitisha kwenye kioo kwa brashi ya mti mrefu, kisha huyaacha yakauke yenyewe, na hayaachi alama. Ushahidi huo unanitosha: maji yasiyo na mzigo hayana cha kutua.

Sabuni pia ni mzigo. Matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye ndoo nzima yanatosha kulegeza mafuta ya vidole na kuufanya mpira wa kifutio uteleze. Povu jingi hufurahisha macho tu, kisha hubaki kama utando. Magadi ni mfano mzuri zaidi wa kitu kizuri kisicho mahali pake. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kibiashara tangu miaka ya 1910, na magadi ya aina hiyo hutumika sana kutengeneza kioo. Mchanga peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 1,700 za Selsiasi, na magadi huusaidia kuyeyuka kwa joto dogo zaidi. Yanazaa kioo tanuruni, lakini ukiyatia kwenye ndoo ya kusafishia yanaudhuru ukingo wa aluminiamu na kukitia kioo weupe.

Sasa kioo. Chombo cha fundi hapa ni kifutio chenye ulimi wa mpira. Umbo lake jepesi tunalolijua leo linatokana na Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani na kufanya kazi ya kusafisha madirisha Oakland, California. Katika miaka ya 1930 alipata hataza ya kifutio chepesi cha shaba chenye ulimi mmoja wa mpira, wakati vifutio vya zamani vilikuwa vyuma vizito. Napenda kwamba chombo hiki kilibuniwa na mtu wa ndoo na kitambaa, mtu aliyeijua kazi kwa mkono wake. Kioo nacho kilikuja kukutana na mpira huo kikiwa kimenyooka zaidi. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyushwa, kikaelea na kutandazika sawasawa. Kioo cha zamani kilikuwa na mawimbi yaliyoficha makosa ya mfutaji. Kioo cha leo hakimfichii mtu.

Fundi hulowesha kioo, kisha kwa kitambaa hukausha ukanda mwembamba, upana wa kidole, chini ya kizingiti cha juu. Huo ndio mlango wake: mpira ukianzia pakavu hauburuti maji ya pembeni. Anavuta kushuka, anafuta ulimi wa mpira, anavuta tena huku akiupanda kidogo ukanda uliotangulia. Asiyefuta ulimi baada ya kila mvuto huyarudisha maji aliyokwisha kuyaokota. Tena hafanyi haya kioo kikiwa cha moto. Madirisha ya magharibi huyaosha asubuhi, ya mashariki huyaosha alasiri. Dar es Salaam huzingatia pia majira, maana mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini na Desemba hupita kusini. Kivuli humpa muda, na muda ndio unaomwezesha kuyawahi maji.

Kisha pembe nne. Kwa kazi hii sijaona kitambaa kinachoishinda kanga kuukuu, iliyofuliwa hadi wanga na vinyweleo vyote vikaisha. Gazeti lililofinyangwa linang'arisha kioo, ni kweli, lakini wino wake hushika kwenye fremu nyeupe, kwa hiyo lisisogezwe ukingoni. Kizingiti cha chini hukaushwa mwisho kabisa, kwa sababu kila kitu kilichotoka juu kimetua hapo. Kabla ya kuondoka, fundi husimama kwa upande, si mbele, akakitazama kioo kwa mshazari, kisha akakipulizia pumzi. Mvuke wa pumzi hutanda sawasawa kwenye kioo safi. Penye mafuta hutanda vingine, na alama iliyojificha hujitokeza ikiwa na umbo lake kamili. Hakuna msimamizi anayekagua kwa ukali kuliko pumzi ya mtu mwenyewe.

Nimeeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna elimu, na elimu hiyo kwa kawaida haihesabiwi. Mama wa usafi anayeingia ofisini kabla ya wafanyakazi wengine anajua tabia ya chumvi, uchungu wa siki kwa jiwe, njia ya jua na sababu ya vitundu vya reli. Kijana anayening'inia kwa kamba kwenye mnara wa vioo katikati ya jiji anajua hayo yote na anayafanya akiwa na dakika chache kabla kioo hakijapata moto. Msichana wa kazi nyumbani hutumwa kufuta madirisha kama vile anatumwa kufunga mlango, akapewa tambara bovu na maji ya kisima, kisha akagombezwa kwa michirizi ambayo ililetwa na maji aliyopewa. Tunawaita watu wasio na ujuzi, ilhali ujuzi wenyewe uko mbele ya macho yetu. Kinachokosekana ni sisi kuutambua.

Seremala tunamwita fundi kwa sababu anajua mti utapasukia wapi. Mwashi tunamwita fundi kwa sababu anajua zege litakauka lini. Anayesafisha dirisha anajua maji yatakwenda wapi na yatakauka lini, na anapanga kila kitendo chake kwa kufuata ujuzi huo: kavu kabla ya mbichi, juu kabla ya chini, ukingo kabla ya kioo. Anayeajiri mtu wa namna hii ampe maji mazuri, vitambaa safi, kivuli na muda. Kisha akague kazi kuanzia kwenye reli na kona, amwite fundi, na amlipe malipo ya fundi.